Mtepe na Mkokoteni

Zamani, katika visiwa vya Lamu, palikuwa na chombo cha baharini kilichoitwa mtepe. Tanga lake lilikuwa la mkeka, na ungeupekua mwili wake wote usingekuta msumari hata mmoja. Mafundi walitoboa matundu kwenye kingo za mbao, wakapitisha kamba za makumbi ya nazi, wakakaza, wakaziba. Chombo kilishonwa kama kanzu.

Mgeni angecheka. Nani anashona chombo cha bahari? Lakini wenyewe walijua walifanyalo. Mtepe ukipanda fungu la mchanga au ukigusa mwamba, mbao zake zilinepa pamoja; kamba zilivutika kidogo, kisha zikarudi. Chombo cha misumari kikipata kishindo hichohicho, ubao ungeweza kupasuka palepale uliposhikwa na msumari. Mtepe nao ulikuwa na kasoro yake, tena kubwa. Hiyo nitaieleza mwishoni, kwa hiyo msinikumbushe kabla ya wakati wake.

Sasa mtaniuliza: mtepe na takataka, wapi na wapi? Subirini. Leo nawasimulia habari za jiji la Dar es Salaam na taka zake, na nyuma ya hadithi hiyo kuna swali moja: ukipewa kazi isiyoisha, inayobadilika kila siku, utawapanga vipi watu wa kuifanya?

Tuanze na ganda la ndizi. Ukila ndizi moja, ganda ni kitu kidogo. Unalitupa na umeshalisahau. Mwaka 1978 sensa ilihesabu watu 843,090 mkoani Dar es Salaam. Hebu kila mmoja atupe ganda moja tu, asubuhi moja tu. Tayari unahitaji malori. Na binadamu hatupi ganda moja. Anatupa majivu, magamba ya samaki, maganda ya mihogo, matambara, vifuu vya nazi, na kesho anaanza upya. Taka haina likizo.

Miaka michache kabla ya sensa hiyo, serikali ilikuwa imezifuta halmashauri za miji na kupeleka kazi zake kwenye ofisi za mkoa na wilaya. Kazi ndogondogo za kila siku, kama kufagia, kuzoa taka na kuzibua mitaro, zikakosa mwenyewe. Uchafu ukazidi, kipindupindu kikabisha hodi, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Jiji likapata tena mtu wa kuulizwa: hizi taka mbona ziko hapa?

Jibu la halmashauri lilikuwa lori. Ofisi moja mjini ilipanga lori lipi liende mtaa upi, siku gani. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Lori lina nguvu, linabeba tani kadhaa, na safari moja inasafisha mtaa mzima. Lakini lori linataka mafuta, linataka matairi, linataka vipuri kutoka ng'ambo, na miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kipuri kimoja kikikosekana, lori linalala karakana. Likilala, mtaa mzima unanuka, maana mtaa ule haukuwa na njia nyingine.

Kulikuwa na tatizo la pili, baya kuliko la kwanza. Jiji lilikuwa linakua kwa namna ambayo lori halikuijua. Watu walijenga Manzese, Tandale, Hananasif, nyumba zikibanana bega kwa bega, na kati yake vichochoro. Mle hata bajaji ingekwama, sembuse lori. Kwa hiyo maelfu ya nyumba hazikuwahi kufikiwa, hata siku ambazo malori yote yalikuwa mazima. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990, katika kila mafungu mia ya taka zilizozalishwa jijini, hayakufika kumi yaliyozolewa. Mengine yalichomwa, yalifukiwa uani, au yalisukumwa mtaroni yasubiri mvua iyapeleke Mto Msimbazi.

Na zile chache zilizozolewa zilikwenda wapi? Hapo ndipo hadithi inapoingia mahakamani.

Dampo la jiji wakati huo lilikuwa Tabata, na jirani na dampo waliishi watu. Moshi uliingia madirishani, inzi wakatangulia mezani kabla ya wenye chakula. Wakazi walilalamika, hawakusikilizwa. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaiamuru halmashauri iache kumwaga taka pale. Halmashauri ikaomba muda. Muda ukapita, ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza. Malori yakageuza pua kuelekea Kunduchi Mtongani, na huko nako wakazi wakaenda mahakamani, wakashinda. Mwisho taka zikaangukia Vingunguti.

Tazameni kwa makini kilichotokea hapo. Halmashauri ilikuwa na ofisi, ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na malori. Haikuwa na masikio. Sauti ya mama wa Tabata anayekohoa ilibidi izunguke hadi kwa jaji ndipo imfikie mkurugenzi. Ilipomfikia, akafanya lilelile alilozoea, akabadilisha mahali tu. Huo ndio ninaouita utawala wa misumari. Kila kitu kimeshikwa mahali pamoja, kigumu, na kishindo kikija hakuna kinachonepa.

Kuna mtaalamu Mwingereza, W. Ross Ashby, aliyeandika kitabu mwaka 1956 akieleza jambo linalofanana na hili. Yeye hakuzungumzia taka, lakini wazo lake linatufaa, nami nitalieleza kwa mpira. Mchukueni golikipa anayejua kuruka upande wa kulia peke yake. Anaruka vizuri, hakuna mfano. Mpiga penalti wa kwanza akipiga kulia, uwanja unalipuka kwa shangwe. Wa pili anapiga kushoto. Golikipa anaruka kulia, vizuri kabisa, na mpira uko wavuni. Ashby alisema kwamba anayetaka kudhibiti jambo lenye sura nyingi lazima awe na majibu ya sura nyingi. Jiji lina vichochoro na barabara kuu, soko na hospitali, wenye magari na wenye kutembea kwa miguu, kiangazi na masika. Lori moja ni golikipa wa upande mmoja.

Mwaka 1992 ulianza mradi ulioitwa Dar es Salaam Endelevu, kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa. Watu wa serikali, wafanyabiashara na wananchi wakaketi pamoja kutaja matatizo ya mji wao, na taka zikawa miongoni mwa yaliyopewa uzito. Mwaka 1994 jiji likafanya jaribio: likaipa kampuni moja binafsi kazi ya kuzoa taka katikati ya mji, na kampuni ijilipe kwa ada za wateja.

Je, ilifaulu? Kwa shida. Watu walishangaa: tangu lini taka zikalipiwa? Wengine walikataa, wengine walijificha mtoza ada alipobisha. Ada zisipoingia, mafuta hayanunuliwi. Mafuta yasiponunuliwa, taka hazizolewi. Taka zisipozolewa, nani atalipa ada? Mduara ukafunga. Ukiangalia vizuri utaona kwamba jiji lilikuwa limeng'oa msumari mmoja na kupigilia mwingine. Mwanzo kila kitu kilitegemea ofisi moja. Sasa, katika eneo lile, kila kitu kilitegemea kampuni moja.

Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa kabisa, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ndiyo iliyoanza kushona. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, kazi ya kuzoa taka ilikuwa imekatwa vipande, kata kwa kata. Kipande hiki kilipewa kampuni ndogo, kile kikapewa kikundi cha mtaa chenye wanawake na vijana. Shirika la Kazi Duniani, ILO, likasaidia kuwafunza. Ada zikatofautiana kwa maeneo: mtaa wa wenye nacho ulilipa zaidi ya mtaa wa wenye kubangaiza.

Hebu tuingie Hananasif, Kinondoni, tuone kipande kimoja kwa karibu. Kata hiyo ilikabidhiwa kikundi kilichoundwa na wanawake, kiitwacho KIWODET. Kwa macho ya hadithi, namchora kijana mmoja wa kazi kama hiyo, awe yeyote. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anasukuma mkokoteni. Mkokoteni wenyewe una magurudumu mawili ya gari chakavu, ubao wa mbele umefungwa kwa waya, na mpini umeng'aa kwa mikono ya watu. Uchochoro ni mwembamba. Mtu akitokea mbele, mmoja hugeuka ubavu. Gurudumu likipasuka, fundi wa kuziba pancha yuko kona ya pili, na kabla chai haijapoa kazi inaendelea. Linganisheni na lori linalosubiri kipuri kutoka ng'ambo.

Anasimama mlangoni.

"Hodi, bibi! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Taka hizo kwenye kiroba. Ila hela leo sina, baba. Nitauza maandazi kesho."

"Basi nipite kesho jioni?"

"Pita baada ya magharibi."

Kijana anatoa daftari na kuandika. Mnaona kilichofanyika? Kanuni imebadilishwa pale mlangoni, na aliyeibadilisha ni mtu anayemjua bibi huyu na anajua maandazi yake huuzwa siku gani. Ingekuwa ofisi ya mbali, bibi angeandikwa "mdaiwa sugu" na kupelekewa barua. Shirika linalojua kubadilika humpa mtu wa mwisho, yule aliye karibu kabisa na tatizo, ruhusa ya kuamua mambo madogo. Halimpi ruhusa ya kila kitu, la hasha. Hawezi kujipangia ada anayotaka wala kumwaga taka mtaroni ili amalize mapema. Amepewa nafasi, na nafasi ina mipaka.

Lakini msije mkadhani kwamba ukishakata vipande umemaliza. Mbao ndogo ambazo hazijashonwa ni kuni tu. Mkokoteni hauwezi kufika dampo; uende mbali wapi? Unaishia kwenye ghuba la taka, mahali pa kukusanyia pembeni mwa barabara. Hapo lazima lori lije. Lisipokuja siku mbili, ghuba linafurika, mbwa wanachana viroba, mvua inasukuma uchafu barabarani, na wenye nyumba za jirani wanamfokea kijana wa mkokoteni, ambaye kosa si lake. Kazi yake aliifanya. Mshono uliomfunga na lori ndio uliofumuka.

Mishono ya taka basi ni ipi? Wa kwanza ni wa mikono: nyumba na mkokoteni, mkokoteni na ghuba, ghuba na lori, lori na dampo. Huo unaonekana kwa macho. Wa pili ni wa fedha. Mtaa maskini hauwezi kugharimia safari yote ya taka zake hadi dampo, kwa hiyo lazima fedha itoke mahali pengine, kwenye mitaa yenye uwezo au kwenye mfuko wa halmashauri. Ukimwacha kila mtu abebe wake, wenye nacho watapata huduma na wengine watapata inzi. Na inzi, kama mnavyojua, hasomi mpaka wa kata.

Wa tatu ni wa sheria: mkataba unaosema nani afanye nini, na asipofanya nini kifuate. Wa nne ni ule uliokosekana Tabata, yaani wa habari. Malalamiko ya mtaani yafike kwa mwenyekiti wa mtaa, yapande kwa mtendaji wa kata, yafike halmashauri, na jibu lishuke kwa njia hiyohiyo wakati bado lina maana. Jibu la taka likija baada ya miezi mitatu si jibu tena, ni kumbukumbu.

Mwaka 2000 Tume ilimaliza muda wake, na mji ukagawanywa kuwa manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke, huku halmashauri ya jiji ikibaki juu yake. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Mwaka 2021 halmashauri ile ya jiji ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Ofisi zimebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba mchora vibao hakukosa kazi. Lakini hapa nataka mtofautishe vitu viwili. Kubadilisha kibao mlangoni ni jambo moja, na kujifunza ni jambo jingine. Unaweza kubadilisha kibao mara tano na bado ghuba lifurike kila Jumatatu. Na shirika linaweza kukaa na kibao kilekile miaka ishirini huku kila mwaka likirekebisha njia za mikokoteni yake, siku za kutoza ada na saa za lori. Hilo la pili ndilo linalonepa.

Na ni lazima linepe, maana hata taka zenyewe hazikai na sura moja. Ganda la ndizi la 1978 lilioza likarudi udongoni. Kisha ukaja mfuko wa plastiki, ule tuliouita rambo. Ulikuwa rahisi, ulikuwa mwepesi, uliruka na upepo ukaziba mitaro. Hakuna mkokoteni ambao ungeweza kuukimbiza. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ikaupiga marufuku, na wauza nyanya wakalazimika kutafuta vifungashio vingine. Hapo mjue kwamba dawa ya taka wakati mwingine haiko kwenye kuzoa. Iko mbali zaidi, kule kitu kinakotengenezwa. Shirika linalojua kuzoa tu lingeendelea kuzoa rambo hadi kiama.

Dampo nalo limezidi kusogea: kutoka Vingunguti likaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, pembezoni kabisa. Kila likisogea, safari inarefuka na mafuta yanaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Safari ndefu, watu wengi: hesabu hiyo haiwezi kutatuliwa kwa malori peke yake. Ndiyo maana wengine wameanza kuuliza swali tofauti. Badala ya kuuliza tuzifikisheje taka dampo, wanauliza: kwa nini ziende huko zote?

Katika kata ya Bonyokwa, wazoa taka wamejiunga katika ushirika, wakisaidiwa na shirika la Nipe Fagio. Nyumba hutenganisha taka kabla hazijatoka mlangoni. Mabaki ya chakula hugeuzwa mboji, chupa na makopo huuzwa, na kinachobaki ndicho kinachosafiri. Huko Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ilishirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani kupata kiwanda cha mboji kilichokusudiwa kupokea hadi tani 50 za taka kwa siku, hasa zile zinazooza kutoka masokoni. Na tusiwasahau waokota chupa, ambao walikuwa wakitenganisha taka miaka mingi kabla ya semina yoyote. Hakuna aliyewachora kwenye mpango wa jiji, ilhali wao ni ubao uliokuwapo siku zote, unasubiri kushonwa.

Sasa nawapa kazi. Kesho mkitoka shule, nendeni mkaangalie mahali taka za mtaa wenu zinapokusanywa. Msishangae lundo, kila mtu anajua kushangaa lundo. Fuateni mishono. Nani huleta taka hapa, kwa chombo gani? Nani huziondoa, siku zipi, na asipokuja nani anajua? Mama wa nyumba ya mwisho akitaka kulalamika, anamwendea nani, na huyo anamwendea nani? Nani anaruhusiwa kubadilisha kitu bila kuomba kibali mahali pengine? Mkikuta swali moja halina jibu, mmepata mahali uzi ulipokatika. Na mara nyingi, tiba yake haidai lori jipya. Inaweza kuwa namba ya simu iliyoandikwa ukutani, au mkokoteni wa pili, au kuhamisha siku ya kutoza ada kutoka tarehe 25, watu wakiwa wakavu, hadi tarehe 2.

Jaribuni jambo dogo, mtaa mmoja, mwezi mmoja. Likishindikana, hasara yake ni ndogo na somo ni lenu. Likifaa, mtaa wa pili utakuja kuuliza wenyewe.

Haya, niliwaahidi kasoro ya mtepe. Ulivuja. Mbao zilizoshonwa haziwezi kubanana kama zilizopigiliwa, kwa hiyo maji yalipenya mchana na usiku, bahari iwe shwari au chafu. Lazima palikuwa na mtu chomboni ameshika upo, anafua maji, anayarudisha baharini, na akichoka mwenzake anampokea. Na wakati ukifika mtepe ulivutwa pwani, kamba zilizochakaa zikatolewa, ukashonwa upya.

Manahodha wa Lamu waliijua kasoro hiyo, na bado wakaupanda. Walikuwa wamekubali kwamba chombo kinachonepa kinadai mikono isiyolala. Kesho saa kumi na mbili na nusu mtasikia magurudumu uchochoroni na sauti ikibisha hodi. Mfungulieni, mmsalimie. Huyo ndiye aliyeshika upo.